Hong Kong kwa Kivuko, Tramu na Vijiti: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Marekani

Msafiri anayetua Hong Kong akitoka Marekani huwa ameshaonywa kuhusu msongamano. Watu wapatao milioni saba na nusu wanaishi katika eneo la kilomita za mraba 1,100 hivi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo hilo ni milima na hifadhi zisizojengwa, wamejibana kwenye vipande vya ardhi tambarare kandokando ya maji. Asichoambiwa ni kwamba msongamano huo una ratiba. Chakula cha mchana kina saa yake mbaya, treni ina zake, hata ngazi za umeme zina saa za kushuka na saa za kupanda. Ukiijua ratiba hiyo, na ukajua pia kwamba vivutio bora vya mji huu ni vyombo vya umma wanavyopanda makarani na wauza mboga kila siku, hutakuwa na haja ya kununua matembezi ya kuongozwa pale hotelini.

Makala haya yanawalenga hasa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, ambao hupita Hong Kong kwa likizo au wakielekea Guangzhou kununua bidhaa. Atokaye Nairobi au Dar es Salaam naye atapata lake, na katika mambo mawili matatu atamzidi mwenzake wa Houston.

Kabla ya kufunga sanduku

Mwenye pasipoti ya Marekani anaruhusiwa kukaa siku 90 bila viza. Aliye na kadi ya ukaazi tu, huku pasipoti yake ni ya nchi nyingine, atahukumiwa kwa pasipoti hiyo, kwa hiyo asome masharti ya Idara ya Uhamiaji ya Hong Kong kabla ya kukata tiketi. Uwanjani hawagongi mhuri. Utapewa kikaratasi kidogo kilichochapwa tarehe ya mwisho ya kukaa kwako, na watu wengi hukitupa pamoja na risiti za chai. Kichomeke ndani ya pasipoti.

Hatari kubwa kwa atokaye Marekani imo kwenye pochi ya dawa. Mafuta, krimu na peremende zenye CBD, ambazo katika majimbo mengi huuzwa hata vituo vya mafuta, ziliingizwa kwenye orodha ya dawa hatari za Hong Kong tarehe 1 Februari 2023. Kupatikana nazo ni kosa linaloweza kukufikisha jela miaka saba na faini ya dola milioni moja za Hong Kong. Kisingizio kwamba ulizinunua kihalali kwenu hakitakusaidia. Dawa ya pilipili ya kujihami, ile inayoning'inia kwenye funguo za akina dada wengi, inahesabiwa silaha. Sigara za kielektroniki nazo ni marufuku kuingizwa tangu 2022. Kagua kila mfuko, pamoja na mikoba ya vijana.

Plagi ni ile ya pini tatu za mraba iliyoachwa na Waingereza, na umeme ni volti 220. Mwenye chaja kutoka Mombasa au Arusha anachomeka na kuendelea na maisha yake. Wa Marekani anahitaji adapta, na kikaushia nywele chake cha volti 110 akiache nyumbani, maana kitaungua. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Aliyezaliwa Ohio atazame kulia kwanza kabla ya kuvuka. Ndiyo maana maneno ya kumkumbusha yameandikwa kwenye lami.

Fedha ni dola ya Hong Kong. Tangu 1983 imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 7.80 hivi, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: gawanya kwa nane na umekaribia. Usishtuke ukipewa noti mbili za mia zenye picha tofauti. Benki tatu zina ruhusa ya kutoa noti, kila moja na mchoro wake, na zote ni halali. Hakuna kodi ya mauzo inayoongezwa kaunta kama Marekani, kwa hiyo dukani bei iliyoandikwa ndiyo utakayolipa.

Kutembea bila kusukumwa

Kutoka uwanja wa ndege, treni ya moja kwa moja inafika katikati ya mji kwa dakika 24. Basi la A21 linachukua muda mrefu zaidi kwa nauli iliyo sehemu ndogo tu ya ile ya treni, na linateremka barabara yote ya Nathan kupitia Mong Kok, Yau Ma Tei na Jordan hadi Tsim Sha Tsui, ambako hoteli nyingi za bei ya wastani ziko. Mimi ningepanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele.

Nunua kadi ya Octopus mara tu unapofika. Kadi hii ilianza 1997, na ndiyo inayolipia treni, mabasi, tramu, vivuko, maduka madogo na mikahawa mingi ya haraka. Kuna amana ya dola 50 ndani yake ambayo hurudishwa ukiirejesha, pengine kwa makato madogo.

Treni ya chini ya ardhi ni safi na haikawii, ila mambo mawili huwasumbua wageni. La kwanza ni milango. Kituo kimoja kinaweza kuwa na milango zaidi ya kumi, kila mmoja na herufi yake, na ukitokea pasipo, utajikuta ng'ambo ya barabara usiyoweza kuivuka. Unapoelekezwa mahali, uliza herufi ya mlango, si jina la kituo pekee. La pili ni saa za kazi. Kati ya saa 2 na saa 3 na nusu asubuhi, na tena kati ya saa 11 na saa 1 jioni, usiingie na sanduku wala na mtoto aliyelala. Kula au kunywa ndani ya treni ni kosa. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Upande wa kushoto ni wa wenye haraka, nao ni wengi.

Ngazi za umeme zenyewe ni kivutio. Pale mtaa wa Central kuna mfuatano wake wa mita 800 uliofunguliwa 1993 kuwabeba wakazi wa mlimani. Kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi unashuka tu, ukiwapeleka watu kazini. Baada ya hapo unapanda hadi saa 6 usiku. Mgeni anayefika saa 3 asubuhi akitaka kupanda atapanda kwa miguu yake. Nenda baada ya saa 4, shuka njiani penye mtaa wa Shelley, utaona Msikiti wa Jamia wenye rangi ya kijani, jengo la 1915 lililozungukwa na maghorofa pande zote.

Tramu, ambazo leo ni za ghorofa mbili, zimekuwa zikipita upande wa kisiwani tangu 1904, na nauli yake, dola tatu na senti za Hong Kong, ni moja hata uende umbali gani. Unapandia mlango wa nyuma, unalipa ukishuka kwa mbele. Anza kusogea mbele kituo kimoja kabla ya chako. Ukiwa ghorofani kwenye barabara ya Des Voeux, ujue kwamba unapita juu ya iliyokuwa bahari. Barabara ya Queen's iliyo nyuma yake ndiyo iliyokuwa ukingo wa maji Waingereza walipokichukua kisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1840, na kila kilichopo mbele ya hapo kimejengwa juu ya kifusi. Bandari imekuwa ikipungua upana kizazi baada ya kizazi, hadi sheria ya kuilinda ilipopitishwa 1997.

Bandari yenyewe

Kivuko cha Star Ferry kati ya Tsim Sha Tsui na Central ndicho kitu kimoja nisichokubali mtu aondoke bila kukipanda. Kilianzishwa 1888 na Mparsi kutoka India, Dorabjee Naorojee Mithaiwala, na vyombo vyake vyote vina majina ya nyota. Safari haifiki dakika kumi na nauli haifiki dola moja ya Marekani. Mwaka 1966 nyongeza ya senti tano tu kwenye tiketi ya ghorofa ya juu ilizua maandamano na ghasia za siku kadhaa, jambo linaloonyesha jinsi wenyeji wanavyokichukulia chombo hiki. Ghorofa ya chini ni rahisi zaidi na iko karibu na maji. Ya juu ina upepo na nafasi ya picha. Vuka mara moja mchana na mara moja usiku.

Kila usiku saa 2 kuna onyesho la taa kwenye majengo ya pande zote mbili, na hapo ukingo wa Tsim Sha Tsui hufurika watu. Onyesho lenyewe, niseme kweli, ni la kawaida. Taa za majengo bila onyesho zinatosha, na saa 3 kasorobo umati ukishatawanyika utapata ukuta wa kukaa.

Kilele cha Victoria kina urefu wa mita 552. Treni ya kamba inayopanda huko tangu 1888 ni nzuri, lakini kwenda na kurudi ni zaidi ya dola 100 za Hong Kong, na foleni ya jioni inaweza kuumaliza mwanga wote wa jua uliokuja kuutazama. Panda basi namba 15 kutoka Central kwa dola kumi na kitu. Linapinda kwenye mlima, matawi yakigonga vioo, na upande mmoja unaona uwanja wa mbio za farasi wa Happy Valley ukiwa chini kabisa. Ukifika juu usilipie jukwaa la kutazamia. Fuata barabara ya Lugard, njia tambarare ya waenda kwa miguu inayozunguka kilele. Kwa dakika kumi hivi za kutembea utapata mandhari yote ya bandari bila malipo. Mzunguko mzima hauzidi saa moja kwa mtu asiye na haraka.

Mezani

Saa ya hatari ni kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana, ofisi zote zinapotema watu kwa mpigo. Aliyetoka New York amepishana na Hong Kong kwa saa 12 au 13, kwa hiyo siku za kwanza ataamka saa 10 alfajiri akitazama dari. Autumie usingizi uliokatika. Nyumba za chai hufungua mapema, na kabla ya saa 5 asubuhi, au baada ya saa 8 mchana, nyingi hupunguza bei za dim sum. Wazee wenye magazeti wapo, meza zipo, na mhudumu ana subira kidogo.

Dim sum ni vyakula vidogovidogo, vingi vya mvuke, vinavyoletwa kwenye vikapu vya mianzi na kuliwa pamoja na chai. Jambo la kwanza utakaloulizwa ni chai gani. Sema *bo lei*, chai nyeusi nzito inayokata mafuta, au *heung pin*, yenye harufu ya asumini. Utaona wenyeji wakisuuza vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza na kuimwaga kwenye bakuli. Fanya hivyo hivyo, hakuna atakayekushangaa. Mtu akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili kumshukuru. Birika likiisha, legeza kifuniko chake ukitegeshe pembeni, na maji yatakuja bila kuita. Anayekaa karibu na birika huwamiminia wenzake kabla yake, akianza na wakubwa, adabu ambayo mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa.

Kuagiza ni kwa karatasi na penseli. Vyakula vimepangwa kwa daraja: vidogo, vya kati, vikubwa, maalumu. Madaraja hayo ni ya bei, si ya ukubwa wa sahani. Chai hutozwa kwa kichwa, na vile vikaranga au achari vilivyowekwa mezani bila kuombwa mara nyingi navyo vimo kwenye bili. Kama huvitaki, virudishe mapema. Mwisho wa bili huongezwa asilimia kumi ya huduma, na hapo ndipo Mmarekani huharibu hesabu kwa kuongeza ishirini nyingine juu yake. Hakuna anayeitarajia. Acha chenji ndogo, inatosha.

Kwa asiyekula nguruwe, huu ni mji unaohitaji macho. Kitimoto kimo ndani ya *siu mai*, ndani ya maandazi meupe ya *char siu bao*, ndani ya supu ya tambi ambayo jina lake linataja kamba peke yake. Hata keki za mayai na mikate mitamu ya dukani huweza kukandwa kwa mafuta yake. Kuchambua nyama na kuiacha kando hakutoshi. Njia salama ni kwenda kwenye jengo la msikiti la Wan Chai, Masjid Ammar, barabara ya Oi Kwan, ambako ghorofa ya tano kuna mkahawa wa halali wenye dim sum za kweli zilizopikwa na Waislamu wa Kichina. Siku ya Ijumaa baada ya sala hakuna kiti. Njia ya pili ni mikahawa ya mboga ya Kibuddha, ambayo haitii nyama ya aina yoyote.

Mikahawa midogo ya mtaani, *cha chaan teng*, ni ulimwengu mwingine. Humo utapata chai ya maziwa nzito ya kukufungua macho, makaroni kwenye supu, mkate wa kukaanga, na kinywaji cha kahawa na chai vilivyochanganywa katika kikombe kimoja. Usingoje kuonyeshwa meza ya peke yako. Utaonyeshwa kiti, na kiti hicho kitakuwa kwenye meza ya watu usiowajua. Kaa, agiza, kula, lipa mlangoni, ondoka. Mhudumu anayekurushia sahani hana ugomvi nawe, ana watu arobaini mlangoni. Maji utakayopewa ni ya moto au ni chai hafifu. Ukitaka kinywaji cha barafu utaongezewa dola mbili tatu, nayo imeandikwa kwenye orodha, kwa hiyo usibishe. Beba tishu zako mwenyewe.

Samaki wanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiko pesa nyingi hupotelea. Vitabu vya zamani vya utalii vinakutuma Aberdeen kwenye mkahawa mkubwa ueleao, Jumbo. Ulifungwa 2020, na Juni 2022 ukapinduka baharini Kusini mwa China ulipokuwa ukikokotwa. Leo nenda Sai Kung, Lei Yue Mun, au Sok Kwu Wan kisiwani Lamma, ambako samaki wako hai kwenye matangi na wewe unamchagua kwa kidole.

Bei yao huandikwa kwa *kati*, kipimo cha Kichina cha gramu 605 hivi. Mmarekani huisoma kama ratili, ya gramu 454, na sisi huisoma kama kilo, wote tunakosea. Bidhaa ghali kama chaza wa kukausha hupimwa kwa sehemu ya kumi na sita ya kati, gramu 38 tu, na hapo bei inayoonekana ndogo si ndogo hata kidogo. Kwa hiyo fuata utaratibu huu: onyesha samaki, ataje bei kwa kati, ampime mbele yako, kisha aandike jumla kwenye karatasi. Halafu uliza ada ya kupika, hasa kama tangi ni la duka moja na jiko ni la jingine. Palipoandikwa "bei ya siku" bila tarakimu, usiagize kabla ya kupata tarakimu. Haya yote ni ya kawaida kabisa na hakuna anayekasirika, kama vile mnadani kwenye soko la samaki la Feri pale Dar hakuna anayenunua chewa kwa kukisia.

Chewa ndiye wa kuagiza. Humpika kwa mvuke mzima mzima, kichwa na mkia, juu yake tangawizi, majani ya kitunguu na mafuta ya moto yenye sosi ya soya. Watoto waliokulia Minnesota wakila samaki wa mkate wanaweza kuogopa macho yake; wape shavu waonje. Upande wa juu ukiisha, usimgeuze samaki. Wavuvi wa huku huona kumgeuza ni kuipindua mashua. Nyanyua mfupa, endelea na upande wa chini. Lamma ina faida nyingine: unaweza kushuka kijiji cha Yung Shue Wan kwa feri ya gati namba 4 pale Central, ukatembea juu ya vilima kwa saa moja na ushei, ukafika Sok Kwu Wan ukiwa na njaa ya haki. Angalia ratiba ya feri ya mwisho kabla ya kukaa.

Chungking

Jengo la Chungking Mansions, namba 36 hadi 44 barabara ya Nathan, lilikamilika 1961: ghorofa 17, vitalu vitano, na nyumba za wageni zisizo na idadi ya kueleweka. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews aliliandikia kitabu kizima kilichotoka 2011, na humo wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliokuja kununua simu ni sehemu kubwa ya habari. Biashara nyingi imehamia Guangzhou, lakini Kiswahili bado utakisikia karibu na lifti. Kula humo: biriani, chapati, sambusa na chai ya maziwa vya Wapakistani na Wahindi ni vya halali na vya bei njema, na Msikiti wa Kowloon uko umbali mfupi tu barabarani. Kulala ni uamuzi wako. Vyumba ni vya upana wa kitanda, na kila kitalu kina lifti mbili ndogo, moja ya ghorofa shufwa na moja ya witiri, zenye foleni usiku. Omba kuona chumba na ngazi za dharura kabla ya kulipa. Wanaokunong'oneza mlangoni kuhusu saa za mkononi, wapite.

Anayeendelea hadi Guangzhou akumbuke kwamba kuvuka kwenda Shenzhen ni kuingia China bara: masharti ya viza ni mengine, fedha ni yuani, na programu nyingi za simu za Marekani hazifunguki huko. Pakua ramani na tiketi zako ungali Hong Kong.

Tufani

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Desemba mapema, ila wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa la China na mji hujaa pomoni. Kuanzia Mei hadi Novemba tufani huweza kupiga, hasa Julai hadi Septemba. Serikali hutangaza kwa namba: 1 ni taarifa, 3 ni upepo mkali, 8 ni mji kufungwa. Namba 8 ikipandishwa, ofisi na maduka hufunga, vivuko na mabasi husimama, treni hupunguzwa, na wafanyakazi wote hukimbilia nyumbani kwa wakati mmoja. Kwa kawaida tahadhari hutolewa saa mbili kabla. Ukiisikia, usivuke kwenda visiwani hata kama jua linawaka. Nunua chakula cha siku nzima kwenye duka la karibu, jaza simu umeme, na upigie simu shirika la ndege kabla ya kuita teksi ya uwanjani, maana ndege huahirishwa na teksi chache zinazobaki barabarani hudai bei zao wenyewe. Mvua kubwa zina onyo lake la rangi, na jeusi ndilo la kukaa ndani. Namba ya dharura kwa polisi, zimamoto na gari la wagonjwa ni 999.